Kumlea Mnyama Mchanga Ili Akue Mwepesi wa Kujifunza

Mbwa ana miezi minane na bado hashiki hata amri iliyo rahisi. Mtamba aliyezaa mara ya kwanza anarusha teke kila anapoingizwa mahali pa kukamulia, na siku zinakwenda bila yeye kuzoea. Mwenye mnyama hutafuta sababu katika mafunzo ya leo: huongeza sauti, huongeza fimbo, mwisho huamua kwamba mnyama huyu ni mjinga. Mara nyingi sababu iko nyuma sana, katika wiki za kwanza za uhai wake, wakati ambapo hakuna aliyedhani kwamba alikuwa anajifunza chochote.

Kwa zaidi ya miaka 60 watafiti wamewafuatilia wanyama tangu kuzaliwa hadi uzeeni ili kujua jinsi misukosuko ya utotoni inavyougeuza uwezo wao wa kujifunza na kukumbuka. Mwongozo huu unayachukua matokeo yao na kuyapeleka bandani kwako, uwe unafuga mbwa, ng'ombe wa maziwa au kuku. Jambo kubwa la kushika ni hili: mnyama mchanga hahitaji maisha yasiyo na msukosuko wowote. Anahitaji msukosuko mfupi, unaotabirika, akiwa na mama yake au wenzake karibu. Kinachomharibu ni shida ndefu isiyo na mpangilio, anayoikabili peke yake.

Kinachotokea ndani ya ubongo

Mnyama anaposhtuka, sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi hutoa kemikali inayoiamsha tezi ya pituitari. Pituitari nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo karibu na figo, na hizo humwaga homoni za msongo katika damu. Kwa mbwa na ng'ombe homoni kuu ni kotisoli. Kwa panya na kuku ni kotikosteroni. Homoni hizi zina kazi njema. Humpa mnyama nguvu ya kukimbia, na humsaidia kukumbuka mahali palipomtisha ili asirudi tena. Madhara huanza pale zinapobaki juu siku baada ya siku.

Sehemu inayoumia mapema ni hipokampasi, ambayo hutunza kumbukumbu za mahali na matukio. Ina vipokezi vingi vya homoni za msongo, na kwa hiyo ndiyo pia breki ya mfumo mzima: ikihisi homoni zimezidi, huifanya hipothalamasi ipunguze mwendo. Breki hiyo mnyama hazaliwi nayo ikiwa imekamilika. Hujengwa siku kwa siku, na anayeijenga zaidi ni mama. Kwa watoto wa panya, kati ya siku ya 4 na ya 14 tezi za adrenali karibu haziitikii vitisho vidogo, mradi mama yupo kuwalamba na kuwanyonyesha. Akiondolewa kwa saa nyingi, kinga hiyo huondoka, na mwili mchanga huanza kumwaga homoni ambazo haukuwa tayari kuzibeba.

Mambo manne yaliyothibitika maabarani

Kwanza, msukosuko mfupi huimarisha. Mwaka 1957 mtafiti Seymour Levine alionyesha kwamba panya waliotolewa kiotani kwa dakika chache kila siku wakiwa wachanga, kisha wakarudishwa, walikua wakiwa watulivu kuliko wale ambao hawakuguswa kabisa. Mwaka 1988 Michael Meaney na wenzake walichapisha matokeo ya panya wa namna hiyo walipofika miezi 24, ambao ni uzee kwa panya. Walikuwa wamepoteza seli chache za hipokampasi kuliko wazee wenzao, na walikumbuka vizuri zaidi mahali pa jukwaa lililofichwa chini ya maji.

Pili, siri iko kwa mama. Mtoto aliyerudishwa kiotani hulambwa zaidi. Maabara ya Meaney, katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, iliwalinganisha mama wanaolamba sana na wanaolamba kidogo. Watoto wa wale wa kwanza walikua na breki imara na kumbukumbu nzuri ya mahali. Utafiti wao wa mwaka 2000 ulikwenda mbali zaidi: watoto waliozaliwa na mama wanaolamba kidogo, wakapewa mama mlezi anayelamba sana, walijifunza sawa na watoto wake wa kuzaa. Mwaka 2004 wakaonyesha kwamba malezi hayo huacha alama za kikemia juu ya jeni inayotengeneza vipokezi vya homoni za msongo ndani ya hipokampasi. Ukoo una nafasi yake, lakini malezi huandika juu ya ukoo.

Tatu, ukosefu wa mpangilio huharibu, na uharibifu unaweza kuchelewa kuonekana. Tallie Baram na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, waliwapunguzia mama wa panya nyenzo za kujengea kiota kwa wiki moja tu, kuanzia siku ya 2 hadi ya 9. Mama hakuondoka. Alichobadili ni mwendo: alinyonyesha kidogo, akatoka, akarudi, akaacha tena, bila utaratibu ambao watoto wangeuzoea. Watoto hao walipokuwa vijana walifaulu majaribio ya kumbukumbu kama wenzao. Walipofika umri wa kati, karibu mwaka mmoja, kumbukumbu yao ilikuwa imeshuka waziwazi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, na kila mfugaji anapaswa kuyakumbuka kabla ya kusema kwamba mnyama wake alipata shida utotoni na haikumfanya kitu.

Nne, mnyama aliyeumia utotoni bado anajifunza, ila anajifunza hatari kwa urahisi kuliko mengine. Mwaka 2008 kundi la McGill lilichunguza hipokampasi za panya waliolambwa kidogo. Katika hali ya utulivu, viungo kati ya seli vilikuwa vizito kuimarika. Zilipotiwa homoni za msongo kwa wingi, viungo hivyohivyo viliimarika vyema, na panya wenyewe walikumbuka vizuri sana mahali walipotishwa. Ubongo wao ulijengwa kwa ajili ya dunia yenye hatari. Ndiyo maana mbwa unayemwita mjinga hasahau kamwe mtu aliyempiga teke mara moja. Kumkaripia mnyama wa aina hiyo ni kumfundisha lile analolijua tayari.

Mbwa: wiki 14 za kwanza

Kabla ya kuzaa. Mimba ya mbwa huchukua takriban miezi miwili. Mtayarishie mama mahali pakavu, penye kivuli na utulivu, angalau wiki moja kabla, umwache apazoee. Mpe magunia safi, vitambaa au nyasi kavu za kutosha. Kumbuka panya wa Irvine: upungufu wa kitu kidogo kama malazi ulitosha kumvuruga mama. Mwekee kingo zinazomruhusu kutoka kupumzika na kuwazuia watoto kumfuata.

Wiki mbili za kwanza. Watoto hawaoni wala hawasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Kazi kubwa ni ya mama. Yako ni ndogo: mshike kila mmoja kwa dakika mbili tatu, mara moja kwa siku, saa ileile, kisha mrudishe kwa mama. Ikiwa mama anakasirika au kuhangaika, acha. Utulivu wake una thamani kuliko mkono wako. Wageni na watoto wa jirani wasubiri.

Wiki ya 3 hadi ya 8. Huu ndio wakati wenye thamani kubwa kuliko wote. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake wa Maabara ya Jackson, huko Bar Harbor nchini Marekani, walichapisha jaribio la watoto wa mbwa waliokulia ndani ya uwanja wenye uzio bila kuonana na watu. Baadhi yao walitolewa kwa wiki moja tu ya kucheza na watu, kila kundi katika umri wake. Waliotolewa wakiwa na wiki 5 hadi 9 walizoea watu vizuri na wakakubali kuongozwa kwa kamba. Waliobaki huko hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini.

Kwa hiyo katika wiki hizi mletee mtoto dunia, kidogo kidogo. Siku moja redio kwa sauti ya chini, siku nyingine pikipiki iliyowashwa kwa mbali, kesho yake mzee mwenye kofia, keshokutwa mtoto anayetembea polepole. Kitu kimoja kipya kwa siku kinatosha. Mwache akiendee mwenyewe, na mama au ndugu zake wawe karibu. Akisita, usimsukume, ongeza umbali, umpe muda.

Usimwondoe kwa mama kabla ya wiki ya 8. Najua wengi huwachukua wakiwa na wiki nne, mara wanapoanza kula uji, kwa kuamini kwamba atakayemlisha mapema ndiye atakayependwa zaidi. Hasara ni kubwa. Katika wiki ya 5 hadi ya 8 ndugu zake humfundisha kupunguza nguvu ya meno, na mama humfundisha kuvumilia kukataliwa.

Malezi ya mama nayo hayana maana ya kumdekeza. Mwaka 2017 Emily Bray na wenzake waliwachunguza watoto wa mbwa wanaoandaliwa kuwaongoza vipofu katika kituo cha The Seeing Eye, jimbo la New Jersey. Watoto ambao mama zao waliwashughulikia kila wakati walishindwa mafunzo zaidi. Waliofaulu zaidi ni wale ambao mama zao walinyonyesha wakiwa wamesimama au wameketi, kiasi kwamba mtoto alilazimika kujitahidi kulifikia ziwa. Jitihada ndogo, mama akiwa hapohapo: ni kanuni ileile ya dakika chache za Levine.

Wiki ya 8 hadi ya 14. Sasa yuko kwako, na hofu ya vitu vipya inaongezeka. Kwa usiku wa kwanza, mlaze mahali anapoweza kusikia pumzi ya mtu au mbwa mwingine, pamoja na kitambaa chenye harufu ya mama yake. Mlishe saa zilezile. Chanjo zake hazijakamilika, na ugonjwa wa parvo huua, kwa hiyo usimpeleke penye mbwa usiowajua. Mbebe mikononi aone barabara, soko na watu. Fuata ratiba ya daktari wa mifugo, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12.

Banda la giza halizai mlinzi

Wapo wanaomfungia mtoto wa mbwa bandani mchana kutwa, asione watu, ili akue mkali. Humfungulia usiku tu. Jambo hili lazima lisemwe bila kuzunguka: ni ukatili, tena halileti mlinzi.

Mwaka 1954 William Thompson na Woodburn Heron wa McGill waliwapima mbwa waliofungiwa tangu kuachishwa ziwa hadi walipokuwa na miezi kadhaa. Katika kutafuta njia na kutatua matatizo walifanya makosa mengi kuliko ndugu zao waliolelewa huru, ingawa wakati wa kupimwa walikuwa wamekwisha kutolewa kifungoni. Miaka mitatu baadaye, Ronald Melzack na T. H. Scott walionyesha kwamba mbwa wa aina hiyo hawakujifunza hata kukwepa kinachowaumiza. Walirudi kupeleka pua kwenye moto wa kiberiti uliokwisha kuwaunguza.

Mlinzi mzuri ni yule anayetofautisha. Anamjua mwenyeji, anamkumbuka mgeni wa jana aliyekaribishwa, anatambua kwamba mlio huu ni wa kawaida na ule si wa kawaida. Yote hayo ni kujifunza na kukumbuka. Mbwa aliyekulia gizani anamshambulia kila mtu kwa sababu hana namna ya kutofautisha, na siku moja atamng'ata mtoto wa nyumbani. Ukitaka mlinzi, mlee mbwa mwenye kujiamini, kisha umfundishe mipaka ya kiwanja.

Ndama: mwenzake ni sehemu ya lishe

Anza na dang'a. Ndama apate ya kutosha ndani ya saa sita za kwanza, kwa sababu kinga ya mwili huipata humo, na kuharisha wiki nzima ni msongo kama msongo mwingine. Baada ya hapo, zingatia mambo manne.

1. Usimweke peke yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwafundisha ndama wa maziwa kutofautisha rangi ili wapate maziwa. Waliolelewa peke yao na waliolelewa na wenzao walijifunza somo la kwanza kwa kasi inayolingana. Kanuni ilipogeuzwa, rangi ya maziwa ikawa ndiyo isiyo na kitu, ndama wapweke walikwama. Walishindwa kuacha walichokuwa wameshika. Hata kitu kigeni kilichowekwa mbele yao mara kwa mara hawakukizoea. Ukiwa na ndama wawili wenye umri unaokaribiana, waweke pamoja, kila mmoja na ndoo yake, na safisha malazi yao kila siku. Ukiwa na mmoja tu, mweke mahali anapowaona na kuwagusa ng'ombe wengine.

2. Tenganisha maumivu na masomo. Watafiti wa chuo hichohicho waliona kwamba ndama waliotenganishwa na mama, na vilevile waliochomwa vichipukizi vya pembe, walikuwa wepesi wa kutarajia mabaya katika saa zilizofuata: rangi isiyoeleweka waliisoma kama ishara ya kukosa. Kuondoa pembe kufanyike mapema, katika wiki za kwanza, na mtaalamu wa mifugo atumie dawa ya ganzi. Siku hiyo na inayofuata usimfunge kamba mpya wala kumhamisha.

3. Badilisha jambo moja kwa wakati. Kuachishwa maziwa, kuhamishwa banda na kuondolewa pembe visitokee wiki moja. Punguza maziwa taratibu kwa wiki moja hadi mbili huku ukiongeza nyasi laini na chakula cha nafaka. Mtu yuleyule amlishe, kwa saa zilezile, na atangulize sauti yake kabla ya kuingia.

4. Mzoeshe mahali pa kukamulia kabla hajazaa. Wiki kadhaa kabla ya mtamba kuzaa, mpitishe humo, mpe pumba, mguse kiwele kwa upole, mtoe. Anapozaa, mahali pale panakuwa tayari pana kumbukumbu njema, nayo ndiyo utakayoikamua.

Vifaranga: mwanga na joto visivyoyumba

Kifaranga wa kununuliwa hana mama, kwa hiyo kinengunengu au bruda yako ndiyo mama yake. Wiki ya kwanza joto liwe kati ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi, kisha lipungue nyuzi mbili tatu kila wiki. Vifaranga watakwambia wenyewe: wakisongamana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni wamezidiwa na joto, wakitawanyika sawasawa wako salama.

Mwanga wataka uangalifu uleule. Mwaka 2007 watafiti wa Linköping, Sweden, walichapisha habari za kuku wa mayai weupe waliolelewa katika mwanga na giza visivyo na ratiba. Kuku hao walikuwa wazito katika somo la kutafuta mahali pa chakula. Watoto wao, walioanguliwa na kulelewa bila kuwaona wazazi, walionyesha udhaifu huohuo. Kuku wa porini, ambao ndio asili ya kuku wa kufugwa, walipopitishwa katika hali hiyo hawakuurithisha udhaifu huo.

Kwako wewe unayetegemea umeme unaokatika, maana yake ni kupanga. Weka saa maalumu ya kuwasha na kuzima. Tangu siku za mwanzo wape giza la muda mfupi kila usiku, kwa saa ileile, ili siku umeme ukikatika wasirukiane na kukanyagana. Kuwa na taa ya akiba na chanzo cha pili cha joto, na kama ni jiko la mkaa, hakikisha banda linapitisha hewa. Tandika maranda makavu, na kila unapoingia bisha hodi kwa sauti ileile.

Mfano kutoka Morogoro

Anayetaka kuona kanuni hizi zikifanya kazi asitafute mbali. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya anayetoka hapo ni lazima atulie katika nchi ngeni, katika jua, kamba na kelele, akumbuke harufu moja na kuacha nyingine zote.

Kazi ya kumwandaa haianzi na harufu ya bomu. Huanza akiwa na umri wa wiki chache, macho yakiwa ndiyo kwanza yamefunguka. Wakufunzi humbeba, humgusa, humwonyesha watu, magari, sauti na ardhi za aina mbalimbali hadi vyote viwe vya kawaida kwake. Ndipo hufuata mlio mfupi unaotangulia chakula, na baada ya mlio, harufu. Mafunzo yote huchukua takriban miezi tisa. Magawa, aliyezaliwa huko mwaka 2013, alikwenda Kambodia mwaka 2016 akagundua zaidi ya mabomu na mabaki ya silaha 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Pua alizaliwa nayo. Utulivu wa kuitumia pua hiyo alilelewa nao.

Kumfundisha aliyekwisha kuumia

Pengine mnyama wako umemwokota barabarani, au umemnunua akiwa mkubwa, na utoto wake hukuushuhudia. Usikate tamaa. Kundi la Irvine lilizuia kemikali ya msongo kwa dawa baada ya wiki ya shida kwisha, na kumbukumbu za panya hao zilisalimika. Utafiti wa Darlene Francis na wenzake, mwaka 2002, ulionyesha kwamba panya waliotenganishwa na mama wakiwa wachanga, wakapelekwa katika makazi yenye wenzao na vitu vingi vya kuchezea, walipata utulivu ambao malezi yao hayakuwapa. Na mwaka 2013, katika hifadhi moja ya jimbo la Kent, Uingereza, mbuzi waliotoka katika maisha ya kutelekezwa walipimwa baada ya miaka ya matunzo mema. Hawakuonyesha dalili ya kutarajia mabaya kuliko wenzao.

Fanya hivi:

1. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo. Meno yanayouma, minyoo, kidonda cha kwato au masikio mabovu humfanya mnyama aonekane mzito wa kuelewa.

2. Mwekee ratiba usiyoivunja kwa wiki kadhaa: kula, kutoka, kulala, mtu yuleyule. Kutabirika ndiyo dawa ya kwanza.

3. Mfundishe kwa dakika tatu hadi tano tu, mahali palepale, akiwa hajachoka wala hajashtuka. Thawabu ifuate tendo papo hapo. Akikataa chakula anachokipenda, ujue homoni ziko juu. Acha somo, ongeza umbali na kinachomtisha.

4. Usigeuze kanuni ghafla. Kumbuka ndama wapweke. Ikiwa leo hapandi kitini, kesho asiruhusiwe. Ukilazimika kubadili, anza upya kama somo jipya, kwa subira.

5. Mpe mwenzake mtulivu. Mwaka 1972 Stephen Suomi na Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliwaweka nyani waliokuwa wametengwa kwa miezi sita pamoja na nyani wadogo wa miezi mitatu, wenye kupenda kukumbatia na wasiotisha. Baada ya miezi kadhaa waliotengwa walirudi kucheza. Mbwa mpole wa jirani au ng'ombe mzee asiyeshtuka atafanya kazi ambayo fimbo haiwezi.

6. Badilisha mazingira kwa kiasi: mfupa wa kutafuna, chakula kilichofichwa chini ya majani, njia mpya ya matembezi mara moja kwa wiki.

Usitarajie mstari ulionyooka. Atakumbuka hofu ya zamani siku ya mvua ya radi, au siku mgeni atakapopaza sauti. Rudi hatua moja nyuma, bila hasira, na endelea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa kuwa wiki za mwanzo mara nyingi hupita mikononi mwa mtu mwingine, kinga yako ya kwanza ni maswali. Unaponunua mtoto wa mbwa, omba kumwona mama yake. Je, anatulia watu wakiwakaribia watoto wake? Mtoto ana wiki ngapi kamili? Amelala wapi, na nani? Ameshikwa na watu wangapi? Kwa ndama, uliza alipata dang'a saa ngapi baada ya kuzaliwa, alilelewa na nani, amepata shida gani na kwa muda gani. Kwa vifaranga, uliza wamesafiri saa ngapi na walikaaje njiani.

Muuzaji mwema atajibu bila kusita, kwa sababu alikuwepo. Asiyejua lolote kati ya hayo anakuuzia mnyama mwenye wiki ambazo hakuna aliyeziangalia, na gharama yake utailipa wewe kwa miaka. Mwache, nenda kwa mwingine. Wafugaji tukizoea kuuliza, wauzaji nao watazoea kulea.